Maswali ya Wasomaji: Daftari la Siku na Saa za Kila Kazi

Miongoni mwa barua zilizotufikia, nne zinauliza jambo moja kwa sura nne tofauti: mtu anawezaje kuandika habari za siku yake ya kazi kwa wepesi, kama alivyozoea, na papo hapo akajua kila kazi imekula saa ngapi? Nimezipa nafasi zote nne na kuziomba radhi nyingine zisubiri, kwa sababu swali hili limewahi kunigharimu fedha mimi mwenyewe, na nisingependa limgharimu mwingine.

Swali

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea hapa Arusha. Kwa miaka minne nimekuwa na desturi ya kuandika katika kaunta buku kila ninachofanya: neno lililonisumbua, mteja aliyepiga simu, wazo lililonijia nikiwa katikati ya ukurasa. Daftari hilo ndilo linalonituliza. Miezi mitatu iliyopita mteja wangu mkubwa aliacha kunilipa kwa ukurasa, akaanza kunilipa kwa saa, na sasa anataka mchanganuo wa kila kazi. Nikaweka programu ya kupima muda kwenye simu. Wiki ya kwanza nilisahau kuisimamisha ikahesabu usiku kucha. Wiki ya pili niliikumbuka, lakini daftari likabaki jeupe, kwa kuwa nilichoka kuandika mara mbili. Je, nichague moja niache lingine?

Mfasiri, Arusha

Jibu

Ndugu Mfasiri, usichague. Nidhamu yako haina kasoro, maana mtu aliyeandika kila siku kwa miaka minne hawezi kuambiwa hana nidhamu. Kilichokuchosha ni kuandika jambo moja mahali pawili, tena katika dakika zile zile ambazo akili inatakiwa iwe kwenye kazi.

Chanzo cha usumbufu huu ni kwamba siku na kazi hukatana kama nyuzi za mkeka. Siku moja hubeba kazi nyingi, na kazi moja hutawanyika katika siku nyingi. Ukiandika kwa kufuata siku, utaona vizuri jinsi Jumanne yako ilivyokwenda, lakini mkataba wa mteja utakuwa vipande vipande katika kurasa kumi. Ukiandika kwa kufuata kazi, mkataba utakuwa mahali pamoja, lakini Jumanne yenyewe itakuwa imepotea, na pamoja nayo ile habari ya kwa nini asubuhi ilikwenda mrama. Daftari lako linafuata siku, programu ya simu inafuata kazi, na wewe ulikuwa unajaribu kuhudumia vyote viwili kwa mkono mmoja.

Wafanyabiashara walikutana na tatizo hili karne nyingi kabla yetu. Mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyotunza hesabu, na akaeleza vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu, ambamo kila jambo la siku liliandikwa kama lilivyotokea, kwa maneno ya kawaida, na yeyote aliyekuwepo dukani. Cha pili kilipanga mambo hayo kwa utaratibu wa tarehe. Cha tatu kilikuwa leja, ambamo kila hesabu ilikuwa na ukurasa wake. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba mwenye duka hakulazimika kufikiria leja huku mnunuzi akiwa amesimama mbele yake na pochi mkononi. Aliandika kwanza, akapanga baadaye.

Kaunta buku lako ni kile kitabu cha kwanza, na kimepungukiwa vitu viwili tu: saa kwenye ukingo wa kushoto, na alama ya herufi mbili inayotaja kazi. Tuseme mkataba wa bima ni TB, ripoti ya maji ni RP, na shughuli za ofisi kama ankara na barua pepe ni BR. Alama ya X iwe kwa muda ambao hukuwa kazini. Ukurasa wako ungesomeka hivi:

2:10 TB. Nimeanza kifungu cha 4. Neno "fidia" linatumika kwa maana mbili tofauti katika ukurasa mmoja. Nimemwandikia mteja aniambie anataka ipi.
3:45 X. Simu kutoka shuleni, mtoto ana homa.
4:30 TB. Nimerudi. Mteja amejibu, na jibu lake linanilazimu kurudia kifungu cha 2 ambacho nilidhani nimekimaliza jana.
6:05 X. Chakula.
7:00 RP. Kurasa tatu za mwanzo, kazi nyepesi.
8:40 BR. Ankara mbili.
9:15 Mwisho.

Angalia kwamba kila mstari una saa moja tu. Huandiki mwanzo na mwisho, kwa kuwa mwanzo wa mstari unaofuata ndio mwisho wa uliotangulia. Hapa ndipo programu yako ya simu ilipokushinda, kwani ilikutaka ukumbuke mara mbili kwa kila kazi, na ukisahau mara ya pili inaendelea kuhesabu hadi alfajiri bila kukushtua. Katika daftari, ukisahau mstari mmoja, pengo linakaa kati ya mistari miwili unayoiona kwa macho, na unaweza kulijaza mara moja kwa sababu maneno yaliyo juu na chini yake yanakukumbusha.

Sasa hesabu. Mkataba wa bima umechukua dakika 95 kabla ya simu ya shule na dakika 95 baada yake, yaani saa 3 na dakika 10. Ripoti ya maji ni saa 1 na dakika 40, na shughuli za ofisi ni dakika 35. Jumla ya kazi ni saa 5 na dakika 25. Ongeza dakika 45 za mtoto na dakika 55 za chakula, utapata saa 7 na dakika 5, ambazo ndizo zilizopita tangu saa 2:10 hadi saa 9:15. Hesabu ikijifunga namna hiyo, ujue hakuna kilichodondoka njiani.

Usifanye hesabu hiyo kila jioni. Ifanye mara moja kwa wiki, siku moja isiyobadilika, na mimi napendekeza Ijumaa alasiri kabla hujafunga ofisi. Ligeuze daftari, uanze kuandika kutoka nyuma: kila alama ipate safu yake, kila siku ipate mstari wake, na ndani yake uandike dakika. Hiyo ndiyo leja yako. Kila mstari wa mbele uliokwisha kuhamishiwa nyuma, upige alama ndogo ya kalamu pembeni, usije ukauhesabu mara mbili. Kwa mtu mwenye kazi tano au sita kwa wiki, shughuli nzima haizidi nusu saa, na hiyo nusu saa yenyewe iandike chini ya BR.

Kuna mitego miwili inayotunasa sisi waandishi wa Kiswahili hasa, na nakuomba uizingatie. Mtego wa kwanza ni saa zetu. Simu inaonyesha 14:40 na kichwa kinasema saa nane na dakika arobaini. Mkono ukichoka huandika hiki hapa na kile pale, na safu yako inapata kosa la saa sita nzima. Chagua mfumo mmoja kwa daftari zima. Mimi naandika saa za Kiswahili, na sababu yangu si mapenzi ya lugha peke yake: kuanzia asubuhi hadi magharibi saa zetu hupanda moja kwa moja kutoka 1 hadi 12, kwa hiyo kutoa ni rahisi, ilhali saa ya Kizungu yenye nusu mbili hurudi kwenye 1 mchana wakati mtu yuko katikati ya kazi. Anayefanya kazi usiku afadhali atumie ya saa 24. Mteja wako hahitaji kujua, maana ankara inabeba jumla, na jumla haina mfumo.

Mtego wa pili ni nukta. Saa 1 na dakika 40 si 1.40. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 40 ni theluthi mbili ya saa, na namba sahihi ni 1.67. Ukilipwa shilingi 30,000 kwa saa, 1.40 inakupa shilingi 42,000 ilhali umefanya kazi ya shilingi 50,000. Nimewaona watu makini wakijinyima fedha namna hii mwaka mzima. Jumlisha dakika kwanza, kisha ugawe kwa 60 mara moja tu, mwishoni. Mawakili katika nchi nyingi hugawa saa katika sehemu kumi za dakika sita sita ili kuepuka usumbufu huo, na kama mteja wako anakubali, nawe unaweza kufanya hivyo.

Alama zisizidi saba. Zikizidi, utaanza kusimama kabla ya kila mstari ukijiuliza simu hii ni ya TB au ya BR, na wepesi wa daftari utakuwa umekwisha. Jambo lililochukua chini ya dakika kumi liache ndani ya kazi uliyokuwa ukiifanya, kwa sababu kuinua kalamu kwa kila ujumbe wa WhatsApp ni kazi kuliko ujumbe wenyewe.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo naamini ndilo lililokusukuma kuandika barua. Unaogopa kwamba daftari lililokuwa likikutuliza litageuka msimamizi. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo jiwekee sharti hili: saa na alama vinakaa ukingoni, na baada ya hapo maneno ni yako, marefu kadiri unavyotaka. Mstari usio na saa wala alama uruhusiwe pia, popote. Likikujia wazo kuhusu neno "dhamana", liandike katikati ya ukurasa kama ulivyokuwa ukifanya zamani. Siku ya Ijumaa jicho lako litaliruka kwa sababu halina kitu ukingoni.

Maneno hayo yatakulinda kuliko unavyodhani. Miaka iliyopita nilihariri kitabu cha mteja mmoja na kumpelekea ankara ya saa 46. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, wiki ya pili ilikuwaje hata ikala saa tisa zaidi ya wiki ya kwanza. Nilikuwa na saa zote kwenye karatasi, mwanzo na mwisho, safi kabisa, lakini hapakuwa na neno hata moja. Nilijua moyoni kwamba sura mbili zilikuwa zimeletwa upya zikiwa zimebadilishwa, lakini sikuweza kusema ni lini wala ni kurasa zipi. Nikakubali kupunguziwa. Saa peke yake humwambia mteja kiasi, na mteja akisita, anachotaka kusikia ni sababu. Ule mstari wako wa "jibu lake linanilazimu kurudia kifungu cha 2" una thamani ya fedha taslimu.

Programu ya simu ifute, au uiache kwa ajili ya siku unazosafiri bila daftari.

Swali

Ninafanya kazi katika asasi isiyo ya kiserikali mkoani Dodoma. Mshahara wangu unatoka kwenye miradi miwili: asilimia 60 mradi wa maji na asilimia 40 mradi wa lishe. Kila tarehe 28 tunajaza fomu ya saa za kazi kwa ajili ya wafadhili. Mimi na wenzangu huandika saa 4.8 za maji na saa 3.2 za lishe kwa kila siku ya mwezi, kisha tunasaini. Ninaandika pia shajara fupi ya kazi, lakini sijawahi kuihusisha na fomu. Sasa tumeambiwa wakaguzi watakuja. Nifanye nini?

Afisa Mradi, Dodoma

Jibu

Dada yangu, nitasema wazi kwa sababu jambo hili lina uzito. Fomu mnayoisaini haielezi kazi mliyoifanya. Inaeleza bajeti. Hakuna binadamu anayefanya kazi ya maji kwa saa 4.8 kila siku ya mwezi, na mkaguzi akiona namba hiyo ikijirudia mara 22 hahitaji kuuliza swali la pili. Kama mmoja wa wafadhili wenu anatumia fedha za ruzuku za serikali ya Marekani, kanuni zake, katika kifungu cha 200.430, zinasema kwamba madai ya mishahara yategemee kumbukumbu za kazi iliyofanyika kweli, na kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Makadirio yanaruhusiwa kutumika kwa muda, kisha hesabu zirekebishwe zifuate uhalisia. Wafadhili wengine wana kanuni zao, na mhasibu wenu anazo, muombe uzisome.

Kuhusu miezi iliyopita, usiketi usiku ukabuni namba zinazopishanapishana ili zionekane za kweli. Hilo lingegeuza uzembe kuwa udanganyifu. Mwendee mhasibu au msimamizi wako kabla wakaguzi hawajafika, umwambie jinsi fomu zilivyojazwa. Mkikubaliana kurekebisha, tumieni vitu vilivyoandikwa wakati ule ule: shajara yako, kitabu cha safari za gari, mihtasari ya vikao, barua pepe. Marekebisho yaitwe marekebisho, yawe na tarehe ya siku yanapoandikwa, na fomu ya zamani ibaki mahali pake.

Kuanzia kesho, hali yako ni nyepesi kuliko ya Mfasiri wa Arusha, kwa kuwa alama zako ni nne tu: maji, lishe, shughuli za pamoja, na likizo au sikukuu. Huhitaji dakika. Gawa siku katika nusu saa, na uandike mara mbili: kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kuondoka. Usingoje Ijumaa, na usithubutu kungoja tarehe 28. Kumbukumbu ya mtu kuhusu wiki tatu zilizopita hujaa kile alichotarajiwa kufanya, na ndiyo maana nyote mliishia kwenye bajeti bila hata kukubaliana. Lakini kwenye fomu hamishia namba tu; shajara ni yako, nayo ibaki na maneno yako.

Huenda ukagundua kwamba mradi wa maji unakula asilimia 75 ya muda wako. Hiyo ni habari njema kwa wote, kwa maana mfadhili anaweza kuombwa abadilishe mgawanyo mapema, lakini hawezi kuombwa baada ya mradi kufungwa. Huenda pia ukagundua kwamba Jumatano ya safari ya kijijini ilikuwa na saa 11. Ziandike zote 11. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi, isipokuwa kwa baadhi ya wasimamizi. Ukizipunguza ziwe 8 ili fomu ipendeze, umejinyima haki yako na umeuficha ukweli kwa saini moja.

Swali

Ninaandika programu za kompyuta Nairobi, na kila kitu changu kiko katika Org, sehemu ya kupangia maandishi na kazi ndani ya Emacs, programu ya kuandikia. Shajara yangu inapangwa kwa mwaka, mwezi na siku katika faili moja. Kazi zangu ziko katika faili nyingine. Nikiwasha saa ndani ya shajara, jumla za kazi zinapotea. Nikiwasha saa ndani ya kazi, shajara inakuwa na maneno yasiyo na saa. Unanishauri nini?

Mwanaprogramu, Nairobi

Jibu

Ndugu, nilichomwambia Mfasiri kuhusu karatasi nakigeuza juu chini kwako. Karatasi haiwezi kujipanga upya, kwa hiyo inafaa ifuate siku, maana siku ndiyo inayokuja yenyewe. Kompyuta inaweza kupanga upya kwa kubofya mara moja, kwa hiyo saa iwashwe ndani ya kazi. Ukifungua ratiba ya siku na kubonyeza herufi l, Org itakuonyesha vipande vyote vya muda vya siku hiyo kwa mfuatano, kutoka faili zote zilizomo katika ratiba yako, na jedwali la saa litakupa jumla kwa kila kazi. Siku uliyodhani umeipoteza imo humo. Ukibonyeza v kisha c, utaonyeshwa mapengo na mahali ambapo saa mbili zimegongana, na hilo ndilo ninalolifanya kabla sijaandika ankara yoyote.

Maneno yabaki katika faili la shajara. Katika kiolezo chako cha kunasa maandishi, weka alama ya %K, ambayo huingiza kiungo cha kazi ambayo saa yake inakwenda wakati huo. Kwa namna hiyo unaandika sentensi mbili kuhusu hitilafu iliyokutesa, na Org yenyewe inaziunganisha na kazi husika, bila wewe kutaja jina la kazi na bila saa kusimama. Weka pia muda wa kukuuliza unapokuwa umeondoka kwenye meza, kwa kutumia org-clock-idle-time. Mimi nimeweka dakika 15. Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Amsterdam, alipoanzisha Org mwaka 2003 alikuwa akitafuta mahali pa kuweka pamoja maandishi na mipango yake, na hadi leo nguvu yake iko hapo: maandishi ni maandishi tu, na mpangilio huombwa baadaye. Usiyahamishe mambo kwa mkono. Ukijikuta unanakili saa kutoka faili moja kwenda lingine, simama, kwa maana kuna amri inayofanya kazi hiyo.

Swali

Ninashona kofia za mkono hapa Unguja, baina ya kazi za nyumbani. Huwa na kofia mbili au tatu kwa wakati mmoja, moja ya kazi nyepesi na nyingine ya viua vidogo vidogo. Binti yangu ananiambia niandike muda. Lakini mimi nashona nusu saa baada ya kupika, nusu saa nikingoja Magharibi, na kalamu haiko karibu nami. Kuna maana yoyote?

Mshonaji, Unguja

Jibu

Bi Mshonaji, ipo maana kubwa, na binti yako amekuonea huruma ya kweli. Daftari lisikusumbue. Wewe kazi yako unaibeba mkononi, basi hesabu nayo ibebwe na kazi. Kata kipande cha karatasi ngumu, hata kifuniko cha boksi la chai kinatosha, ukiweke ndani ya kila kofia pamoja na uzi wake, na umwombe binti aandike juu yake tarehe uliyoanza na aina ya mshono. Kila ukimaliza takriban nusu saa, piga mstari mmoja kwa kipande cha mkaa au kwa penseli iliyofungwa kwenye kikapu. Ukipiga minne, wa tano uupitishe juu yake kama fito. Ukiweka kofia moja na kuchukua nyingine, karatasi inabadilika yenyewe pamoja na kofia, na huna cha kukumbuka.

Kofia ikiisha, hesabu. Tuseme ile ya kazi nyepesi ina mistari 60, yaani saa 30, na unaiuza shilingi 30,000: umelipwa shilingi 1,000 kwa saa, kabla hujatoa gharama ya kitambaa na uzi. Tuseme ile ya viua vidogo ina mistari 150, yaani saa 75, na unaiuza shilingi 60,000: umelipwa shilingi 800 kwa saa. Ile unayoiona ndiyo yenye bei nzuri inakupa kidogo zaidi, na macho yako yanachoka maradufu. Ili ilingane na nyepesi, ingebidi iuzwe shilingi 75,000. Namba hizi ni za mfano. Zako utazipata kwenye karatasi zako, na pengine zitakushangaza kwa upande mwingine.

Kuhusu maandishi ya siku, kama unapenda, mwambie binti aandike nyuma ya karatasi hiyo hiyo neno moja moja unalomtajia: uzi mweupe ulikatika sana, mchoro ulikosewa ukafumuliwa, mwezi wa Ramadhani mistari ilikuwa michache. Kofia ikienda kwa mnunuzi, karatasi ibaki kwako ndani ya kopo. Ukiwa na karatasi sita au saba za mshono mmoja, mnunuzi akija na kukuambia kwamba kofia hiyo ni kazi ya siku mbili tatu tu, mfungulie kopo umwonyeshe.